Unaandika "Tunauza na Kufunga AC"? Soma Hii Kwanza

Somo la leo ni refu kidogo, lakini kama unauza AC, friji au hita za maji mtandaoni, vumilia mpaka mwisho. Mimi somo hili lilinigharimu hela. Wewe utalipata kwa bando lako tu.

Nianze na yaliyonikuta.

Mimi ni mtu wa form four. Ufundi sijasomea, biashara sijasomea. Nilianza kama winga Kariakoo: napiga picha mzigo wa watu, naweka stetasi, mteja akipatikana nachukua mzigo dukani nampelekea, nakula cha juu. Baadaye nikapata kafremu kangu Mbagala nikaanza kuuza AC. Nikaona wenzangu wote wanaandika "Tunauza na kufunga, kufunga ni bure". Na mimi nikaandika.

Mwezi wa kwanza, joto la Dar limekaza, akanipigia mama mmoja mwenye gesti upande wa Kigamboni. Anataka AC kumi, ila kwanza nimpelekee mbili za 12,000 BTU azijaribu. Nikampelekea na fundi wangu, jamaa wa mtaani ambaye nilikuwa namwamini kwa sababu ana maneno mazuri na bei yake ni ndogo. Alifunga zote mbili kwa saa tatu. Zikapuliza baridi, mama akafurahi, nikarudi nyumbani nikihesabu faida ya zile nane zilizobaki.

Wiki ya tatu simu ikaita saa tano usiku. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia. Akasema: "Mwanangu, umeniuzia AC au umeniuzia moto?"

AC moja ilikuwa imeacha kupooza. Nyingine ilikuwa imeyeyusha soketi, chumba kimejaa moshi, na mgeni alikuwa amelala humo ndani. Mungu alisaidia, harufu ilimwamsha.

Asubuhi nilienda na fundi mwingine. AC zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kibovu ni ufungaji. Ile iliyoyeyusha soketi iliunganishwa kwenye waya mwembamba unaolisha soketi za vyumba viwili, bila breka yake. Ile isiyopooza ilikuwa inavujisha gesi kwenye maungio ya mabomba. Fundi wa pili nilimlipa 240,000 kutoka mfukoni mwangu, pamoja na waya, breka na gesi. Faida yangu kwenye AC zote mbili ilikuwa 140,000. Kwa hiyo niliuza kwa hasara ya laki moja, na oda ya AC nane ikaenda kwa mtu mwingine.

Lakini kilichoniuma zaidi ni swali la yule mama: "Huyo fundi wako wa kwanza ana leseni ya nani?" Nilikosa jibu. Sikuwa najua hata kama kuna leseni. Ndiyo maana naandika haya.

SOMO LA 1: NENO "NA KUFUNGA" LINABADILISHA KAZI YAKO

Ukiuza AC tu, wewe ni muuza bidhaa. Mteja akiibeba na kumtafuta fundi wake, kazi ya fundi huyo haiko mikononi mwako. Lakini ukiandika "tunauza na kufunga", mbele ya mteja wewe ndiye fundi. Yule kijana uliyemtuma hajulikani. Kinachojulikana ni jina la ukurasa wako na namba yako ya simu. Soketi ikiungua, unapigiwa wewe.

Kwa hiyo una njia mbili tu. Uza bila kufunga, na useme hivyo wazi. Au uza na kufunga, lakini ujue karatasi na kazi ya unayemtuma. Njia ya katikati, ya kuahidi kufunga halafu kumtuma yeyote anayepatikana siku hiyo, ndiyo iliyonitia hasara.

SOMO LA 2: KARATASI ZIPI, NA NI ZA NANI

Wengi tunachanganya hapa. Tunasikia "leseni" tunadhani ni moja. Kuna za kwako, kuna za fundi, na kuna za mkandarasi.

Za kwako wewe muuzaji:

- TIN ya TRA. Kuipata ni bure. Mtu akikwambia ulipie TIN, anakula hela yako.
- Jina la biashara, linasajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao. Uwe na namba yako ya NIDA.
- Leseni ya biashara. Ipo chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Kwa biashara nyingi ndogo za ndani unaipata halmashauri, na siku hizi maombi yanafanyika kwenye mfumo wa TAUSI. Kuuza mtandaoni hakukuondoi kwenye sheria hii. Simu yako ni duka.

Za fundi:

- Cheti cha ufundi. VETA wana fani ya majokofu na viyoyozi. Na wale mafundi wetu waliojifunzia gereji au mtaani wasikate tamaa: VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi anapimwa kwa kile anachokijua tayari, akifaulu anapewa cheti bila kuanza shule upya.
- Leseni ya ufungaji umeme kutoka EWURA. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefanya kazi ya kufunga mifumo ya umeme awe na leseni, na leseni hizo zina madaraja. Kutoa waya mpya kwenye mein swichi, kuweka breka, kuunganisha ethi, hiyo ni kazi ya umeme. Fundi anaweza kuwa bingwa wa gesi na mabomba lakini umeme hana leseni. Basi awe na mwenzake mwenye leseni. Watu wawili kwenye kazi moja si aibu.

Za mkandarasi:

- Usajili wa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chini ya sheria ya mwaka 1997. Kuna makandarasi wa majengo, wa ujenzi wa barabara na kazi kama hizo, wa umeme, wa mitambo, na wa kazi maalumu. Wa umeme na mitambo wanaanzia daraja la saba kwenda juu mpaka la kwanza. Jengo jipya la hospitali au hoteli lenye mkataba wa ujenzi ni eneo la hawa. Kazi za serikali nazo zinapitia mfumo wa manunuzi wa NeST, na huko bila usajili huingii.

Kwa wasomaji wetu wa Kenya, picha inafanana ila majina ni tofauti: mtihani wa ufundi ni NITA, leseni ya umeme ni EPRA, makandarasi wanasajiliwa na NCA, na kibali cha biashara unachukua kaunti.

Usiogope orodha hii. Wewe muuzaji mdogo hutakiwi kuwa na zote. Unatakiwa uwe na zako, na ujue fundi wako ana zipi. Kazi ikizidi uwezo wa karatasi zenu, mpelekee mkandarasi aliyesajiliwa, wewe muuzie mashine. Bado utakula, na utalala usingizi.

SOMO LA 3: SOKO LIKOJE

Soko la ubaridi na joto linafuata hali ya hewa. Dar, Tanga, Zanzibar na pwani yote, AC na feni zinatembea kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu. Mwezi wa sita mpaka wa nane pwani inapoa, simu zinapungua. Lakini miezi hiyo hiyo Njombe, Makete, Mbeya, Iringa na Arusha watu wanatetemeka. Huko wanataka hita za maji. Mzigo unaolala Mbagala mwezi wa saba si mbovu, msimu wake haujafika. Usinunue AC nyingi mwezi wa nne kwa sababu tu muuzaji wa jumla amekupunguzia bei, labda kama una hela isiyohitajika mpaka Novemba.

Tahadhari kwa wauza shawa za maji moto za umeme. Shawa ya wati 5,500 inavuta kama ampea 24. Soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13. Hapo kuna maji, kuna umeme, na kuna mtu asiye na nguo amesimama chini yake. Hii usimtumie kijana wa kubahatisha hata siku moja. Lazima mwenye leseni ya umeme, waya wake wenyewe, breka yake, na ethi inayofanya kazi.

Msimu wa joto ukifika, kila mtu ni fundi. Vijana wengi wanajitokeza, bei ya kufunga inashuka mpaka unajiuliza huyu anakula nini. Kwa wateja wa majumbani vita ni ya bei, na wewe mwenye duka dogo huwezi kuishinda. Atatokea wa kufunga kwa bei ya chini kuliko wako kila siku.

Sasa angalia upande wa pili: gesti, ofisi ndogo, maduka ya dawa, shule binafsi, saluni kubwa. Hawa wananunua zaidi ya moja, wanarudi kwa ajili ya sevisi, na wanaambiana. Lakini swali lao la kwanza si bei. Wanauliza una TIN, unatoa risiti, fundi ana leseni? Wengi wetu tunaishia hapo. Kwa hiyo karatasi ndizo zinakutoa kwenye foleni ya wanaopigana bei na kukuingiza kwenye foleni fupi.

Ukipata mteja wa kampuni, andika ankara yenye mistari miwili: bei ya mashine peke yake, na bei ya kufunga peke yake. Kwa nini? Kwa sababu kwenye malipo ya huduma kampuni inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Ukichanganya kila kitu kwenye mstari mmoja, unaweza kukatwa mpaka kwenye bei ya mashine. Mfano, kufunga AC tano ni 600,000: wanakata 30,000, unapokea 570,000. Dai cheti cha makato hayo ukitunze. Na kama hujui habari hii ukapanga bei kwa kubana, hiyo 30,000 ndiyo ilikuwa nauli na chakula cha mafundi.

Kitu kingine kinachobadilisha soko ni gesi. AC nyingi za zamani zinatumia R22. Gesi hii inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea kama zetu zinaipunguza kwa hatua: asilimia 67.5 kufikia 2025, kisha kuachana nayo 2030, ukiondoa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kupunguza pia gesi zinazoongeza joto la dunia, na R410A ni mojawapo. Ndiyo maana AC mpya nyingi zinakuja na R32.

Hii inakuhusu vipi? Kwanza, ukiletewa AC ya mtumba yenye R22 kwa bei ya kutupa, ujue unamuuzia mteja mashine ambayo gesi yake inazidi kuadimika. Pili, R32 inaweza kushika moto, ingawa si kirahisi kama gesi ya kupikia. Na friji nyingi mpya zinatumia R600a, ambayo ni ndugu kabisa wa gesi ya kupikia. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba na gesi bado imo ndani atajiunguza. Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira imekuwa ikiwapa mafundi mafunzo kuhusu gesi hizi. Fundi wako akisikia nafasi, mlipie nauli aende.

SOMO LA 4: MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI KABLA HUJAMTUMA

Sijasomea ufundi, ila nimejifunza kuuliza. Siku hizi fundi mpya namkalisha dukani, namwagizia soda, namuuliza haya:

1. "Hii AC ina gesi gani?" Aangalie kibandiko cha mashine ya nje, asikisie. Akikwambia gesi zote ni sawa, mshukuru kwa muda wake.

2. "Una vakyumu pampu?" Kabla ya kufungulia gesi, hewa na unyevu lazima vinyonywe kwenye mabomba. Kuna wanaofungulia gesi kidogo ili isukume hewa itoke, wakisema inatosha. Haitoshi. Unyevu ukibaki unaua kompresa taratibu, na wewe utaambiwa umeuza AC feki. Fundi mzuri anaacha pampu ifanye kazi, halafu anaizima na kuangalia geji kama inatulia. Geji ikirudi, kuna sehemu inavuja.

3. "Umeme utautoa wapi?" Jibu unalotaka: waya wake kutoka mein swichi, breka yake, na ethi. Jibu la "nitachomeka hapo hapo kwenye soketi iliyopo" ndilo lililotaka kuunguza gesti ya watu.

4. "Maji yatatokea wapi?" Bomba la maji liwe na mteremko na lisimwagie ukuta wa jirani. Malalamiko mengi ya "AC inavuja" ni haya tu.

5. "Mashine ya nje ukiifunga ghorofani, unajifunga na nini?" Mkanda wa usalama. Kijana wa watu akianguka akiwa kwenye kazi yako, hakuna faida itakayolipa.

6. "Naomba nipige picha cheti na leseni yako." Angalia jina, daraja na tarehe ya mwisho. Leseni iliyoisha muda si leseni.

SOMO LA 5: ANDIKENI, HATA KAMA NI WHATSAPP

Hatuhitaji wakili. Huu ndio ujumbe ninaomtumia mteja kabla ya kazi, uchukue ubadilishe:

"Habari. Bei ya AC ni …. Bei ya kufunga ni …, ina bomba la mita … na waya wa mita …. Ikizidi, tunaongeza kwa mita na tutakwambia kabla. Fundi anaitwa …, leseni yake nimeambatanisha. Garantii ya mashine ni ya kampuni, garantii ya ufungaji ni yetu kwa miezi …. AC itaongeza matumizi ya umeme. Ukikubali, jibu NDIYO."

Hiyo sentensi ya umeme usiifute. Wateja wengi wa majumbani wako kwenye bei nafuu ya TANESCO ya wanaotumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi. AC ya 12,000 BTU ya kawaida inavuta kama uniti moja na kidogo kwa kila saa kompresa inapofanya kazi. Akiwasha kila usiku, uniti 75 zinaisha kabla mwezi haujafika katikati, na anahamia kwenye bei ya juu. Asipojua, atasema umemuuzia AC mbovu inayokula LUKU. Akijua mapema, labda atachagua inverta, na wewe utakuwa umeuza kitu bora.

Kwa fundi pia andika. Mimi nalipa sehemu kubwa kazi ikiisha na AC ikishapimwa mbele ya mteja, halafu nabakiza kiasi kidogo kwa siku 14. Zikipita bila malalamiko, namtumia chote. Mwanzoni mafundi walinuna. Waliobaki ndio wanaojua kazi yao.

Na acha kuandika "kufunga bure". Hakuna cha bure hapo. Ukiandika bure utatafuta fundi wa bei ya chini kabisa ili ubaki na chochote. Andika bei ya kufunga wazi. Anayekimbia kwa sababu ya bei hiyo, ndiye ambaye angekupigia saa tano usiku.

MWISHO WA YOTE

Yule fundi wangu wa kwanza hatukugombana. Nilimwonyesha ile soketi iliyoyeyuka, akanyamaza. Akaenda kuulizia ule utaratibu wa VETA, akapimwa, akapata cheti. Leo kazi za mabomba na gesi nampa, na umeme anafanya mwenzake mwenye leseni. Bei yetu imepanda kidogo. Simu za usiku zimekwisha.

Yule mama wa Kigamboni hajarudi kununua kwangu, na simlaumu. Ila mwaka jana alinitumia namba ya shemeji yake mwenye duka la dawa. Kabla hajaniambia anataka nini, alitaka picha ya leseni ya fundi. Nilikuwa nayo kwenye simu. Nilimtumia palepale.

Kazi ya leo: nenda kwenye ukurasa wako, tafuta kila sehemu ulipoandika "na kufunga". Halafu mpigie fundi wako, muombe picha ya cheti na leseni. Kama hana, futa hayo maneno mpaka atakapokuwa nayo. Ukikwama popote, niulize hapo chini, najibu kila mtu jioni nikishafunga duka.